Nani Anamgusa Nani? Somo la Migusano Ndani ya Hemoglobini

Wanachuo wenzangu, kila muhula ukifika wakati wa kazi za mradi, sisi tunaosoma baiolojia ya molekuli, biokemia na famasia tunapewa swali linalofanana: chukua muundo wa protini, changanua migusano kati ya asidi amino zake, kisha eleza ulichokipata. Swali lina mistari miwili tu. Lakini pita mabwenini wiki ya kukusanya kazi, utasikia watu wanaulizana: hivi mgusano ni nini hasa? Natumia umbali gani? Na nikishapata orodha ya jozi elfu moja, naandika nini? Ndiyo maana ripoti nyingi zinaishia kwenye picha ya rangi za kupendeza na sentensi moja isemayo kwamba protini hii ina migusano mingi. Baada ya hapo mtu anasubiri alama, na akipata sapu anashangaa.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya hao, na kwa yeyote wa kitivo kingine mwenye hamu ya kujua tunafanya nini na kompyuta zetu usiku kucha. Nitatumia protini moja tu, hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Nimeichagua kwa sababu ya selimundu. Huu ni ugonjwa tunaoishi nao. Ukumbi wowote mkubwa wa mihadhara, hesabu kwamba wamo wanaobeba jeni yake, na pengine yumo anayeugua na kukosa vipindi kwa ajili ya maumivu. Na ugonjwa huo wote unatokana na mgusano mmoja ambao haukutakiwa kuwepo.

Hoja yangu ni fupi, nayo ni hii: umbali unakupa orodha, lakini ulinganisho ndio unakupa jibu. Tuone inavyokuwa.

Foleni ya daladala

Tuanze na lugha. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Asidi amino mbili zinapoungana hutoa molekuli ya maji, na kile kinachobaki cha kila moja ndani ya mnyororo kinaitwa residyu. Kila residyu ina sehemu mbili: uti wa mgongo, ambao unafanana karibu kwa zote, na tawi la pembeni, ambalo ndilo linaitofautisha valini na lisini. Hemoglobini ya kawaida ya mtu mzima ina minyororo minne: alfa miwili yenye residyu 141 kila mmoja, na beta miwili yenye residyu 146 kila mmoja. Jumla ni residyu 574.

Mnyororo haukai umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Unajikunja. Fikiria foleni ya kupanda daladala asubuhi. Kwenye foleni wewe ni wa tano na mwenzio ni wa arobaini, lakini mkishabanana ndani unakuta kiwiko chake kipo ubavuni mwako. Foleni ndiyo mfuatano wa asidi amino, ule unaouona kwenye jeni. Nani kabanana na nani ndani ya gari, hiyo ndiyo migusano. Anayejua foleni peke yake hajui bado nani anamsukuma nani.

Migusano haifanani. Upo wa bondi ya haidrojeni, ambapo atomi mbili za naitrojeni au oksijeni zinashirikiana haidrojeni moja katikati yao. Hapo umbali wa atomi hizo mbili kwa kawaida hauzidi angstromu 3.5. Upo wa mvuto wa chaji, kati ya residyu zenye chaji chanya kama lisini na aginini, na zenye chaji hasi kama aspatati na glutamati. Wengi huuhesabu pale atomi zenye chaji zinapokuwa ndani ya angstromu 4. Upo wa residyu zinazokimbia maji, kama valini, leusini na fenilalanini, ambazo hujikusanya pamoja kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Na upo wa salfa mbili za sisteini zilizofungana kabisa, kwa umbali wa kama angstromu 2. Huo hemoglobini ya binadamu haina. Kwa anayeuliza angstromu ni nini: ndani ya milimita moja zimo angstromu milioni 10.

Unapimaje?

Faili za miundo ya protini ziko bure kwenye hifadhi ya dunia iitwayo Protein Data Bank, kwa kifupi PDB, iliyoanzishwa mwaka 1971. Kila muundo una alama ya herufi na tarakimu nne. Faili moja ni ndogo, haimalizi bando. Ukiifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia utaona mistari inayoanza na ATOM, kila mstari ni atomi moja: jina lake, residyu yake, mnyororo wake, na namba tatu za mahali ilipo, x, y na z.

Umbali kati ya atomi mbili ni hesabu ya Pythagoras tuliyosoma sekondari, ikiongezewa upande wa tatu. Chukua mfano wa kubuni: atomi ya kwanza ipo (10, 4, 7) na ya pili ipo (12, 7, 9). Tofauti ni 2, 3 na 2. Miraba yake ni 4, 9 na 4, jumla 17. Kipeuo cha pili cha 17 ni 4.12. Basi atomi hizi zimeachana kwa angstromu 4.12.

Je, zinagusana? Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Ukiweka kikomo cha angstromu 4, jibu ni hapana. Ukiweka 4.5, jibu ni ndiyo. Atomi hazijasogea hata kidogo. Aliyesogea ni wewe. Mgusano, basi, ni kanuni unayoiweka kabla ya kuhesabu, na msomaji wa ripoti yako ana haki ya kuijua.

Zipo kanuni mbili zinazotumika sana. Ya kwanza inachukua atomi moja tu kuiwakilisha residyu nzima, kwa kawaida ile kaboni ya kwanza ya tawi la pembeni iitwayo kaboni beta, na kikomo kinakuwa angstromu 8. Glisini haina kaboni hiyo, kwa hiyo inatumiwa kaboni alfa ya uti wa mgongo. Kanuni hii ni ya haraka na inafaa kuchora ramani ya protini nzima. Ya pili inapima atomi zote isipokuwa haidrojeni, na kusema residyu mbili zinagusana kama jozi yoyote ya atomi zao iko ndani ya angstromu 4.5 hivi. Hii ni nzito zaidi, lakini ndiyo inayokuambia nani hasa anamgusa nani na kwa tawi lipi. Ukitaka sura ya jumla, tumia ya kwanza. Ukitaka kueleza ugonjwa au dawa, tumia ya pili.

Kazi hii huifanyi kwa mkono. Residyu 574 zinatoa jozi 164,451. Kwa Python, maktaba ya Biopython ina kifaa cha kutafuta majirani ambacho hakipotezi muda kupima walio mbali. Asiyependa kuandika programu anaweza kutumia ChimeraX au PyMOL na kuchagua residyu kwa jina. Ila ukiamua kusoma faili mwenyewe, usiikate mistari kwa kufuata nafasi tupu. Muundo huu wa faili ni wa zamani na kila taarifa ina safu yake: x inaanza herufi ya 31 hadi 38, y ya 39 hadi 46, z ya 47 hadi 54. Namba zikiwa ndefu zinashikana, na anayekata kwa nafasi tupu anapata vitu vya ajabu.

Matokeo unaweza kuyachora kama ramani ya migusano: mraba wenye residyu zote upande wa chini na hizo hizo upande wa kushoto, na doa kila zinapogusana. Majirani wa kwenye mnyororo wenyewe watagusana siku zote, kwa hiyo wengi huziacha jozi zilizotofautiana kwa namba 3 au pungufu. Kwa hemoglobini, ambayo sehemu kubwa imesokotwa kama parafujo, utaona mkanda mnene kandokando ya mstari wa katikati, kwa sababu kwenye msokoto wa aina hii kila residyu inashikana na ya nne mbele yake. Madoa yaliyo mbali na mstari huo ndiyo yenye habari: hapo misokoto miwili imelaliana.

Jaribu kwanza kwa kitu kinachojulikana

Kabla hujaiamini programu yako, ipe swali ambalo jibu lake tayari lipo. Hemoglobini inafaa sana kwa hili, kwa sababu ina sura mbili: moja ikiwa haina oksijeni na nyingine ikiwa imeibeba. Max Perutz, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1962 pamoja na John Kendrew, alitumia miaka mingi Cambridge kueleza tofauti ya sura hizo.

Chukua faili 2HHB, hemoglobini isiyo na oksijeni, iliyopimwa kwa ubora wa angstromu 1.74. Tafuta residyu ya mwisho ya mnyororo wa beta, histidini namba 146. Utaikuta imeshikana na aspatati namba 94 ya mnyororo huo huo, na ncha ya mnyororo imeshikana na lisini namba 40 ya mnyororo wa alfa. Sasa chukua 1HHO, hemoglobini yenye oksijeni, na uulize swali lile lile. Mishikano hiyo haipo. Hiyo ndiyo komeo: ikifungwa, hemoglobini haipendi kubeba oksijeni, ikifunguliwa, inaibeba kirahisi. Ndiyo maana inapakia mzigo mapafuni na kuushusha kwenye misuli.

Lakini ukifungua 1HHO utakuta minyororo miwili tu, alfa moja na beta moja. Nusu nyingine imeenda wapi? Haijapotea. Protini ilipimwa ikiwa kwenye fuwele, ambamo molekuli zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, na nusu hizo mbili zinafanana kabisa. Waliotunza faili wameandika nusu moja pamoja na maelekezo ya kuipata ya pili. Mwanafunzi anayehesabu migusano kwenye faili kama lilivyo ataandika kwamba alfa haigusani na alfa nyingine, kumbe hakuwa na alfa nyingine ya kuipima. Siku zote pakua molekuli kamili, ile ambayo PDB wanaiita muunganiko wa kibiolojia.

Selimundu: ukitafuta ndani hutaona kitu

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya kawaida, wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote ni asidi amino moja: kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, glutamati imebadilishwa na valini. Kwenye jeni ni herufi moja tu, GAG imekuwa GTG. Tahadhari ya namba: kwenye hifadhi za jeni utaikuta imeandikwa nafasi ya 7, kwa sababu wao wanahesabu metionini ya mwanzo ambayo hukatwa baadaye. Ni residyu ile ile.

Akili ya kawaida inasema: chukua hemoglobini ya kawaida, chukua ya selimundu, hesabu migusano ya kila moja, uone ipi imevunjika. Fanya hivyo, na utapata karibu hakuna. Molekuli mbili hizi zimejikunja kwa namna moja. Nafasi ya 6 ipo nje, juu ya uso wa molekuli. Haikuwa imeshika kitu muhimu ndani. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kuandika kwamba badiliko halina athari kwenye muundo. Kwa molekuli moja, kweli halina athari kubwa. Lakini mgonjwa haugui kwa sababu ya molekuli moja.

Turudi kwenye daladala. Abiria mmoja ametoa kiwiko nje ya dirisha. Ndani ya gari hakuna kilichobadilika, kila mtu yupo na jirani yake yule yule. Balaa linaanza gari linapopita karibu na gari lingine. Kwa hiyo swali si nani anamgusa nani ndani, bali nani wa gari hili anamgusa nani wa gari lile.

Faili la kutumia ni 2HBS, hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, iliyochapishwa na Harrington, Adachi na Royer mwaka 1997 kwa ubora wa angstromu 2.05. Lina molekuli mbili kamili, minyororo minane. Jenga pia molekuli jirani kwa kufuata ulinganifu wa fuwele. ChimeraX na PyMOL zote zina amri ya kufanya hivyo. Kisha iambie programu yako isihesabu migusano ya ndani ya molekuli, ihesabu ile inayovuka mpaka tu. Orodha inapungua kutoka maelfu hadi michache. Na ndani ya hiyo michache yumo mhalifu: valini namba 6 ya molekuli moja imeingia kwenye kishimo kilicho juu ya mnyororo wa beta wa molekuli nyingine, ikakaa kati ya fenilalanini 85 na leusini 88. Zote tatu zinakimbia maji. Glutamati, yenye chaji na inayopenda maji, isingeingia humo. Valini inaingia na kutulia.

Kila molekuli ina beta mbili, na katika mgusano huu wa ubavuni ni valini moja tu kati ya hizo mbili inayotumika. Inatosha. Molekuli zinashikana mbili mbili na kupanga msururu, misururu inasokotana kuwa uzi wenye nyuzi ndogo 14, na uzi unaisukuma seli nyekundu mpaka inajipinda kama mundu. Seli iliyojipinda inakwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa unayoyasikia kwa mwenzio usiku wa manane.

Na kwa nini hutokea oksijeni inapopungua? Kwa sababu sura ya hemoglobini yenye oksijeni haiiruhusu valini ikae vizuri kwenye kile kishimo. Ile komeo tuliyoipima kwenye 2HHB na 1HHO imerudi tena: ikifunga, inapanga molekuli kwa mkao unaowezesha kushikana.

Mashahidi watatu

Mpaka hapa tuna orodha yenye mshukiwa mmoja aliye karibu. Lakini kuwa karibu si kosa. Kwenye mpaka huo huo ziko residyu nyingine kadhaa zinazogusana, zingine kwa umbali mfupi zaidi. Tunajuaje ipi ina uzito? Umbali hauwezi kutuambia. Inabidi tutafute watu ambao residyu hizo zimebadilishwa na maumbile yenyewe, tuone imekuwaje.

Shahidi wa kwanza ni hemoglobini C, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi. Nafasi ni ile ile ya 6, lakini badala ya valini imewekwa lisini, yenye chaji chanya. Haijengi uzi ule, na mwenye hemoglobini C pande zote mbili hupata ugonjwa mwepesi kuliko selimundu. Kwa hiyo tatizo halikuwa kuondoka kwa glutamati. Tatizo ni kile kilichoingia.

Shahidi wa pili ni hemoglobini Korle Bu, iliyopewa jina la Korle Bu ya Accra, Ghana. Nafasi ya 73 ya beta, aspatati imekuwa asparajini. Ukiangalia 2HBS utaona kwa nini inatuhusu: aspatati 73 ya molekuli inayopokea hushikana kwa bondi ya haidrojeni na treonini 4, jirani wa karibu wa valini 6. Maabara imeonyesha kwamba HbS ikichanganywa na Korle Bu hushindwa kujipanga kuliko ikichanganywa na hemoglobini ya kawaida. Ukikata kamba ndogo ya pembeni, na fundo kubwa linalegea.

Shahidi wa tatu ni wewe mwenyewe ulipokuwa tumboni. Hemoglobini ya mtoto mchanga haina beta, ina mnyororo wa gama. Nafasi ya 87, ambako beta ina treonini, gama ina glutamini. Angalia namba: 87 ipo katikati ya 85 na 88, mdomoni kabisa mwa kile kishimo. Glutamini ni kubwa zaidi, inauharibu mgusano. Ndiyo maana mtoto aliyerithi selimundu kwa kawaida haonyeshi dalili miezi ya mwanzo, mpaka gama ipungue na beta ishike nafasi yake.

Sasa ndiyo tunaweza kuandika kwa ujasiri. Hatusemi tu kwamba valini 6 ipo karibu na leusini 88. Tunasema ukibadilisha kiwiko, au kamba ya pembeni, au mdomo wa kishimo, ugonjwa unabadilika. Hilo ndilo jibu, na limetoka kwenye ulinganisho.

Kutoka kwenye orodha hadi kwenye kidonge

Kuna atakayeuliza, yote haya yanamsaidia nani? Dawa ya haidroksiyurea, iliyoruhusiwa Marekani kwa selimundu mwaka 1998, ni kidonge ambacho kazi yake kubwa ni kuamsha upya mnyororo wa gama. Yaani inaleta glutamini ya 87 ikazibe mlango. Mgonjwa anayemeza kidonge hicho kila siku anatumia, bila kujua, mgusano tulioupima hapa.

Mwaka 2023, mwezi Desemba, Marekani iliruhusu tiba mbili za jeni kwa siku moja. Ya kwanza, Casgevy, inahariri seli za mgonjwa ili zitengeneze tena hemoglobini ya utotoni. Ya pili, Lyfgenia, inampa jeni ya beta iliyobadilishwa herufi zake ili nafasi ya 87 iwe glutamini badala ya treonini. Wamechukua mnyororo wa beta wakaupandikizia residyu moja ya gama. Bei zilizotangazwa kwa mgonjwa mmoja ni dola milioni 2.2 kwa ya kwanza na milioni 3.1 kwa ya pili.

Nazitaja bei hizi kwa makusudi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi alioukusanya Afrika Mashariki kwamba wanaobeba jeni moja ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hii imejaa kwetu. Damu iliyotoa ushahidi ilikuwa ya watu wa huku. Tiba iliyotokana na elimu hiyo ina bei ambayo familia zetu haziwezi hata kuiota. Faili, kwa upande wake, ni la bure, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kulichanganua. Sisemi mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataleta dawa kwa bumu lake. Nasema hii ni moja ya milango michache ya sayansi kubwa ambayo haijafungwa kwa bei, na tusipoingia, tutaendelea kutoa damu na kununua majibu.

Kabla hujakusanya kazi

Neno moja kuhusu AlphaFold, maana najua wengi mnaikimbilia. Programu hii inabashiri muundo kutoka kwenye mfuatano, na waliohusika, Demis Hassabis na John Jumper, walishiriki Nobel ya kemia ya mwaka 2024 pamoja na David Baker. Ni msaada mkubwa pale ambapo hakuna muundo uliopimwa. Lakini ukiipa mnyororo mmoja wa beta wa selimundu, usitegemee ikuambie habari ya kishimo cha molekuli jirani. Hukumuuliza habari za gari la pili.

Basi, unapoandika ripoti, hakikisha imejibu haya. Umetumia faili gani, lenye ubora gani, protini ikiwa katika hali gani, na oksijeni au bila? Je, ni molekuli kamili au nusu? Kikomo chako ni angstromu ngapi, kwa atomi zipi, na umeacha jozi zipi? Matokeo yanabaki yale yale ukisogeza kikomo kwa nusu angstromu? Residyu zilizokosekana kwenye faili umezitaja? Himu na molekuli za maji umezihesabu au umeziacha? Namba zako zinafuata hesabu ipi, ya 6 au ya 7? Na muhimu kuliko yote: umelinganisha na nini?

Ukishindwa kujibu swali hilo la mwisho, ongeza faili la pili kabla hujaongeza picha nyingine. Anza leo na 2HHB na 2HBS. Tafuta nafasi ya 6 kwenye yote mawili, chora mduara wa angstromu 5 kuizunguka, uone nani yumo na ametoka molekuli ipi. Wale wa kikundi cha mjadala wanaotaka kufanya zoezi hili pamoja, tuonane maktaba. Njooni na faili zenu tayari, na madesa ya biokemia ya mwaka wa kwanza msiyaache.